Jimmie Rodgers: miaka tisa ya kuimba na kifua kikuu

Huenda jina la Jimmie Rodgers hulijui. Lakini kama wewe ni mpenzi wa muziki wa country, ule wa gitaa na sauti ya huzuni ambao Kenya una mashabiki wengi kuliko wageni wanavyodhani, basi umeshasikia kitu kilichotoka kwake. Huyu ndiye Wamarekani wanayemwita baba wa muziki huo. Alirekodi nyimbo zaidi ya 100 katika muda usiotimia miaka sita, na kila mojawapo aliirekodi akiwa tayari mgonjwa wa kifua kikuu, yaani TB.

Tumeamua kukusimulia maisha yake kwa sababu maswali aliyoishi nayo ndiyo ambayo wagonjwa wa TB na ndugu zao huuliza hadi leo. Nikipumzika, watoto watakula nini? Niseme ninachougua au nifiche? Mwezi huu nina nguvu, je, si nimepona? Soma maisha yake ukijua tofauti moja kubwa kati yake na wewe: yeye aliugua kabla dawa ya kuponya TB haijapatikana.

Mtoto wa reli

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika eneo la Meridian, mji wa jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa kutengeneza njia ya reli, kazi inayomhamisha mtu kila mara. Mama alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, na kijana akakua akipokezwa kwa ndugu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alishinda shindano la uimbaji pale mjini, akaona shule ya nini tena, akatoroka na kundi la maonyesho ya wauza dawa. Umewahi kuwaona wale wanaosimama stendi na spika, wanapiga muziki kwanza ili watu wakusanyike, halafu wanatoa chupa inayotibu kila kitu? Marekani ya wakati ule walijaa. Baba alimfuata, akamrudisha, akampa kazi kwenye reli.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwabebea vibarua maji ya kunywa. Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani weusi, nao walikuwa wakiimba ili nyundo na mataruma viende kwa mapigo mamoja. Mtoto huyu mweupe aliyebeba ndoo alizisikia nyimbo hizo kutwa nzima, akajifunza blues kutoka kwao, na gitaa pia. Ukitaka kujua muziki wake ulitoka wapi, ulitoka hapo kwa sehemu kubwa. Sifa hawakuzipata wale waliomfundisha.

Baadaye akawa mtu wa breki. Huyu alikuwa mfanyakazi wa treni anayeunganisha na kuachanisha mabehewa, anayepanda juu yake kufunga breki za mkono, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Ni kazi ya hatari na ya kuchosha. Ukiwa safarini unalala popote, mara nyingi chumba kimoja na wenzako wengi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Hapa tusimame kidogo. TB husambaa kwa hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, kupiga chafya, kuongea au kuimba, hutoa vitone vidogo mno vyenye bakteria, na vitone hivyo huweza kuelea kwa saa nyingi katika chumba kisichopitisha hewa. Anayelala humo huvivuta. Kijiko, sahani, nguo na kupeana mkono havina neno. Wala TB si laana ya ukoo. Inapoonekana kuandama familia moja, ni kwa sababu watu wa familia moja hulala chumba kimoja. Aliyemwambukiza Jimmie hajulikani, na wagonjwa wengi wa leo hawamjui wa kwao.

Kikohozi chenye damu

Ndoa yake ya kwanza ilivunjika upesi. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Mwaka uliofuata walipata binti, Anita. Mwaka 1923 alizaliwa wa pili, June, akafariki mwezi wa Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miezi sita. Kazi za reli zilikuwa za kuja na kwenda, na fedha nyumbani zilikuwa za shida.

Mwaka 1924, akiwa na miaka 27, akaambiwa ana kifua kikuu.

Jaribu kuelewa neno hilo lilikuwa na uzito gani. Bakteria wa TB walikuwa wameshajulikana tangu 1882, Robert Koch alipowatangaza kule Ujerumani. Chanjo ya BCG ilikuwa imeanza kupewa watoto Ufaransa mwaka 1921. Lakini kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua hapakuwa na kidonge wala sindano ya kuua bakteria hao. Daktari alikuwa na ushauri wa mambo matatu: pumzika, kula vizuri, tafuta hewa safi. Wenye uwezo walikwenda kwenye hospitali maalumu za wagonjwa wa kifua, wakalala kwenye baraza miezi au miaka. Baadhi walipata nafuu ya kweli, maana mwili wenye nguvu unaweza kuwazingira bakteria na kuwanyamazisha. Wengine wengi walikufa hata baada ya kufanya kila walichoambiwa.

Hata kwetu mambo yalikuwa hivyo. Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kuwa mahali pa kuwalaza wagonjwa wa TB, na miaka yake ya kwanza ilitegemea hewa ile ya baridi na mapumziko kuliko kitu kingine chochote.

Sasa mwambie mtu wa reli mwenye mke na mtoto apumzike mwaka mzima. Jimmie hakupumzika. Tunasema hivi bila kumlaumu, ingawa wapo wanaomlaumu. Alichofanya ni kuchukua ile sehemu ya ushauri ambayo fukara angeweza kuifuata, yaani kuhama. Akaenda na familia Florida kwenye joto, akafanya kazi ya reli huko. Akaenda Tucson, Arizona, kwenye hewa kavu ya jangwa, akafanya kazi ya reli huko pia. Kisha akarudi Mississippi. Mwanzoni mwa 1927 alijaribu Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina uliojaa hospitali za wagonjwa wa kifua. Kila mahali kikohozi kilimfuata.

Hewa safi ni jambo zuri na dirisha lililo wazi hupunguza maambukizi kweli. Lakini kubadili mji hakuui bakteria. Tunasisitiza kwa sababu bado kuna watu wanaopelekwa kijijini wakabadili hewa, na wiki tano sita zinapita bila kipimo, huku ugonjwa ukila mapafu na watoto wa nyumba wakiambukizwa.

Bristol

Ugonjwa ndio uliomsukuma kwenye muziki. Tangu utoto alitamani kuimba, lakini sasa alikuwa hana nguvu ya kuning'inia kwenye behewa, na gitaa ni jepesi kuliko breki. Aprili 1927 alianza kuimba katika kituo cha redio cha Asheville, WWNC, akajiunga na kikundi cha vijana waliojiita Tenneva Ramblers.

Kikundi hicho kilisikia kwamba Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, ameweka mashine zake Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, anatafuta waimbaji wa milimani. Wakaenda. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakajitenga, wakarekodi peke yao. Jimmie akabaki na gitaa lake, akamwomba Peer amsikilize hivyohivyo. Tarehe 4 Agosti 1927 akarekodi nyimbo mbili na kulipwa dola 100.

Siku chache tu kabla yake, katika jengo hilohilo, walikuwa wameimba watu wa familia ya Carter, ambao nao ni nguzo ya muziki wa country. Ndiyo maana wanahistoria wa muziki huu huitaja Bristol kama waumini wanavyotaja mji mtakatifu.

Zile nyimbo mbili ziliuzwa wastani tu. Mwingine angesubiri barua. Jimmie alijipeleka kaskazini mwenyewe, akampigia Peer simu, na tarehe 30 Novemba 1927 akarekodi tena huko Camden, New Jersey. Mojawapo ilikuwa blues ya watu weusi ikiimbwa na mzungu wa Mississippi, na kati ya beti akaingiza yodeli, ule mtindo wa kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni na kuirudisha. Wimbo huo, Blue Yodel, uliuzwa mamia ya maelfu ya santuri. Alitunga mfululizo wake hadi zikafika 13.

Yodeli inahitaji pumzi. Fikiri juu ya hilo: mtu ambaye mapafu yake yana mashimo anatafuta riziki kwa mtindo wa kuimba unaodai pumzi kuliko mitindo mingi. Katika jukwaa alivaa vizuri, akaweka mguu mmoja juu ya kiti na gitaa juu ya goti, akacheka na watu. Wengi walioketi mbele yake hawakujua.

Nota alikuwa hajui kuzisoma. Shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, alimsaidia kutunga nyimbo nyingi na wakati mwingine alisafiri naye hadi studio ili amfundishe mpya kwa sikio. Bila mwanamke huyu asingeweza kukidhi mahitaji ya Victor, hasa miezi ile alipokuwa kitandani.

Nyumba ya Kerrville

Fedha ziliingia. Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mji wa vilima na hewa kavu uliokuwa ukipendwa na wagonjwa wa kifua. Mwaka huohuo alionekana katika filamu fupi akiwa amevaa nguo za mtu wa breki. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, watu wakaacha kununua santuri, na gharama zake hazikuanguka pamoja na mauzo. Kulikuwa na madaktari, dawa za kutuliza, magari, jamaa na marafiki waliokuwa wakiomba, na yeye hakujua kunyima. Nyumba ikamshinda, wakaiacha na kuhamia nyumba ya kawaida San Antonio.

Katika miaka hiyo aliendelea kusafiri. Julai 1930, huko Los Angeles, alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, na mkewe Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Enzi zile za ubaguzi majina yao hayakuwekwa kwenye santuri. Mwanzoni mwa 1931 alizunguka Texas, Oklahoma na Arkansas na mchekeshaji Will Rogers, wakikusanya fedha za kuwasaidia watu walioharibiwa na ukame. Mgonjwa huyu alikuwa akichangisha kwa ajili ya wengine.

Madaktari walimwambia mara kwa mara apunguze. Kila alipopata nafuu alipanga safari nyingine, na kila aliporudi alikuwa amepungua. Alikunywa pombe pia, kwa sehemu ili kutuliza maumivu. Pombe nyingi hudhoofisha kinga ya mwili na leo tunajua huongeza hatari ya kuugua TB na ya kufa nayo. Na kwa anayetumia dawa, huongeza hatari ya ini kudhurika. Kama unakunywa na umeanzishiwa dawa, mwambie mhudumu ukweli. Hatakufukuza.

Hizo nafuu zake nazo zinahitaji maelezo, maana zinawadanganya wengi. TB ya mapafu haishuki kwa mstari ulionyooka. Kuna wiki za homa ya jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukosa hamu ya kula na kukonda, kisha kuna wiki za ahueni. Wakati wa Jimmie ahueni ilikuwa kazi ya kinga ya mwili tu. Wakati wetu mara nyingi ni dawa, ambazo huua bakteria wengi katika wiki za mwanzo. Unaobaki nao ni wale wagumu, waliojificha. Ukiacha hapo, hao ndio watakaozaliana, na wanaweza kuwa wale ambao dawa za kawaida haziwawezi tena.

Alipoutaja ugonjwa kwa jina

Tarehe 31 Januari 1931, San Antonio, alirekodi wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. Hakuufunika kwa mafumbo. Jina la wimbo ni T.B. Blues. Mwaka uliofuata akarekodi mwingine wenye jina la kuonyesha kwamba anaichapa TB, wa majigambo zaidi.

Ujue kwamba wakati huo mgonjwa wa kifua alikimbiwa. Wenye nyumba za kupanga walimkataa, waajiri walimwachisha kazi, na familia zilimficha. Mwanamuziki anayeishi kwa kuuza tiketi za ukumbi uliojaa watu alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Yeye aliuimba wimbo huo akiwa bado maarufu, na watu wakaununua. Miongoni mwao walikuwa wengi waliokuwa na mgonjwa nyumbani, au kaburi jipya.

Tuongeze jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia. Ujasiri wa kusema haukuwa sawa na kuwakinga wengine. Alikuwa akiimba katika kumbi zilizofungwa, akilala hoteli, akipanda treni, huku akikohoa. Hapakuwa na dawa ya kumfanya aache kuambukiza. Leo ipo: wagonjwa wengi wanaotumia dawa zinazofaa huacha kuwa hatari kwa wengine ndani ya wiki chache, ndiyo maana kumtenga mtu jikoni na kumwekea kikombe chake kwa miezi 6 ni ukatili usio na faida.

Wiki ya mwisho New York

Kufikia mwaka 1933 alikuwa amekonda sana na anatema damu. Alihitaji fedha, na alijua familia itazihitaji zaidi baada yake. Akamwomba Peer asisubiri majira ya kiangazi, arekodi sasa. Mwezi wa Mei alipanda meli kutoka Galveston hadi New York, akiwa na muuguzi wa kumhudumia. Carrie alibaki Texas.

Studio ilimwekea kitanda kidogo. Alikuwa anarekodi wimbo, analala, anaamka, anarekodi mwingine. Kuanzia tarehe 17 Mei alifanya kazi siku chache, akapumzika hotelini, akarudi tarehe 24. Siku hiyo alipigiwa muziki na wengine katika nyimbo za kwanza. Wa mwisho, Years Ago, aliuimba peke yake na gitaa lake, kama alivyoanza Bristol. Katika wiki hiyo moja alimaliza nyimbo zaidi ya kumi.

Tarehe 25 alikwenda kupunga upepo Coney Island, ufukwe wa starehe wa New York. Usiku ule katika Hoteli Taft damu ilianza kumtoka mapafuni, na alfajiri ya tarehe 26 Mei 1933 akafariki. Alikuwa na miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, akazikwa katika makaburi ya Oak Grove.

Unaweza kujiuliza damu ile ilitoka wapi. Bakteria wa TB huozesha nyama ya pafu na kuacha mashimo. Ukuta wa shimo ukifikia mshipa mkubwa wa damu, mshipa hudhoofika, na siku moja hupasuka. Damu hujaa njia ya hewa na mtu hushindwa kupumua. Kukohoa damu, hata kidogo kwenye leso, kusisubiri wiki mbili. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ikiwa ni nyingi, ni dharura.

Streptomycin, dawa ya kwanza ya kweli dhidi ya TB, iligunduliwa mwaka 1943, katika jimbo lilelile la New Jersey ambako Blue Yodel ilirekodiwa. Isoniazid ilifuata mwaka 1952, na rifampicin katika miaka ya 1960. Mwaka 1961, Jumba la Heshima la Muziki wa Country lilipochagua watu wake watatu wa kwanza, Jimmie alikuwa mmoja wao. Kama angekuwa hai angekuwa na miaka 64.

Chemirocha

Santuri zake zilisafiri kuliko yeye. Zilifika Afrika Mashariki pamoja na gramafoni, na Wakipsigis wa Kericho walizipenda. Jina Jimmie Rodgers kwenye ulimi wa Kikipsigis likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwakuta wasichana wa Kapkatet wakimwimba. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walimwona huyu mwenye sauti ya ajabu kama kiumbe nusu mtu nusu swala, na katika wimbo walikuwa wakimkaribisha acheze nao. Rekodi hiyo ipo hadi leo, nasi tunakushauri uitafute. Ni sauti za wasichana na zeze la Kikipsigis, na inakaa kichwani siku nzima.

Waliomwimba hawakujua kwamba mtu huyo alishakufa miaka 17 nyuma, wala kwa ugonjwa gani. Nao ugonjwa huo walikuwa nao kwao.

Kama anayekohoa ni wewe

Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB. Wengi hawataugua, kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huugua katika maisha yao. Hatari huongezeka sana kwa anayeishi na VVU asiyetumia dawa za kufubaza, mwenye kisukari, mwenye lishe duni, mvutaji sigara, na mtoto mdogo.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapime. Kama unaishi na VVU, usihesabu wiki, nenda kwa kikohozi chochote. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda bila sababu ni dalili zilezile za Jimmie. Katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya, vipimo vya TB na dawa zake ni bure.

Matibabu ya TB ya kawaida kwa mtu mzima huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa. Ni rifampicin, usiogope. Macho yakiwa ya njano, ukitapika mfululizo, au uoni ukififia, rudi kituoni mara moja usisubiri tarehe ya kliniki. Ukikosa dozi, usione aibu kusema.

Kuhusu kazi: huna haja ya kuchagua kama alivyochagua yeye. Wagonjwa wengi hurudi kazini ndani ya mwezi mmoja au miwili, mhudumu akishathibitisha kwamba hawaambukizi na nguvu zimerudi. Watoto wa nyumba yako na wote mnaolala nao wapelekwe wakachunguzwe. Wale wasio na ugonjwa wanaweza kupewa dawa za kuzuia.

Makohozi ya asubuhi, kabla hujala kitu, ndiyo yanayofaa zaidi kwa kipimo. Sukutua kinywa kwa maji, simama nje au karibu na dirisha mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka ndani kifuani, ukateme kwenye kikopo ulichopewa. Mate hayatoshi. Funga kifuniko, nawa mikono, peleka kituoni asubuhi hiyohiyo.